Mbwa, Kamba na Barabara ya Ngong

Jumapili asubuhi, jua likiwa bado chini, Barabara ya Ngong huwa na nafasi. Matatu ni chache, wauza mitumba wa soko la Toi ndio kwanza wanafungua marobota yao, na mwenye mbwa anaweza kupita kando ya barabara bila kusukumana na mikokoteni. Kusini mwa barabara hii iko Kibera. Kaskazini, ukishakata kona ya Dagoretti, iko Kawangware. Hapo katikati, na kuelekea magharibi, kuna uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, uwanja wa mbio za farasi na Msitu wa Ngong. Kijana anayemfunga mbwa wake kamba na kushika njia ya huko anapita mahali ambapo kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa ikiamuliwa ni nani ana haki ya kutembea kwa starehe, na ni mnyama gani anayeweza kuandamana naye.

Kibera yenyewe ilianza kama msitu. Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliotoka Sudan, walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakapaita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Jina la Laini Saba, ambalo leo ni la kijiji kilichojaa nyumba za mabati, ni kumbukumbu ya mahali askari walipojifunzia kulenga shabaha. Nyumba wakati huo zilikuwa chache na nyasi zilikuwa tele, kwa hiyo Wanubi walifuga ng'ombe, mbuzi na kuku, na mifugo hiyo ilichungwa palepale.

Mnyama wa ndani alikuwa paka. Katika nyumba za Waislamu paka huingia na kutoka apendavyo, hulala kwenye mkeka, na hakuna anayelazimika kuosha chombo mara saba kwa sababu yake, kama ilivyo kwa mbwa. Mbwa alibaki nje. Hata hivyo hakuwa mnyama wa kuchukiwa: Kurani inaruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na katika Sura ya Al-Kahf yumo mbwa aliyewalinda vijana waliolala pangoni. Mbwa alikuwa na kazi yake na mahali pake. Kilichokuwa kigeni kwa watu wengi wa Kibra ni lile wazo la kumtoa mbwa matembezini kwa ajili ya matembezi tu.

Ng'ambo ya pili, Kawangware ilikuwa sehemu ya Dagoretti, mashamba ya Wakikuyu. Wenyeji husimulia kwamba jina lake limetokana na ngware, ndege ambaye kwa Kiswahili ni kwale, aliyekuwa tele katika vichaka vya huko. Mbwa wa huko alikuwa mlinzi wa boma. Alilala nje, alibweka usiku, alifuatana na wachungaji mchana, na hakuna aliyemfunga kamba. Alikuwa akitembea kila siku bila mtu yeyote kuyaita hayo matembezi.

Kutembeza mbwa kama tunavyokujua leo kulikuja na walowezi. Klabu ya gofu iliyo mpakani mwa Kibera ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1914 mwandishi Karen Blixen alifika kutoka Denmark, akakaa chini ya Milima ya Ngong hadi 1931, na mbwa wake warefu wa kuwinda, deerhound wa Scotland, wamo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1937. Baadaye mitaa ya Karen na Lavington ikajaa nyumba zenye ua mpana, na mbwa wa mbegu kutoka Ulaya wakawa sehemu ya maisha ya huko. Aliyewalisha, aliyewaosha na mara nyingi aliyewatembeza alikuwa mtumishi wa nyumbani aliyerudi kulala Kibera au Kawangware. Kwa hiyo watu wa mitaa hii miwili walijua kamba ya mbwa kwa mikono yao wenyewe miaka mingi kabla ya kuwa na mbwa wao wa kufungwa kamba. Aliyekuwa akivuta kamba hiyo alikuwa mbwa wa mwajiri.

Lugha nayo ilichora mpaka. Wazungu walilichukua neno la Kiswahili “shenzi” wakalibandika kwa mbwa wa kienyeji, na hadi leo Wakenya wengi husema “mbwa shenzi” bila kufikiria neno hilo lilipita wapi. Mbwa huyohuyo alikuwa amestahimili kupe, ndorobo na njaa za nchi hii kwa vizazi vingi. Getini kwa matajiri palitundikwa maneno mengine mawili, “Mbwa Kali”, na kwa mtoto wa Kawangware anayepita Lavington akienda shule, hayo ndiyo yalikuwa utangulizi wake kwa mbwa wa mbegu: kibao, ukuta, na mngurumo nyuma yake. Polisi nao walikuwa na mbwa wao, na wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 mbwa wa kunusa nyayo walitumiwa kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau misituni. Familia za Dagoretti zilizopitia miaka hiyo hazikuhitaji kuelezwa kwa nini mtu mzima anaweza kumwogopa mbwa aliyeshikwa na askari.

Hofu nyingine ilikuwa ya ugonjwa, na hiyo ndiyo iliyozaa kanuni nyingi ambazo mwenye mbwa anazifuata sasa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1910, maabara ya mifugo ilikuwa imeanzishwa Kabete, si mbali na Kawangware. Mwaka huohuo wa 1910 kilizaliwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho leo kinajulikana kama KSPCA. Waanzilishi wake waliguswa kwanza na mateso ya maksai waliovuta mikokoteni. Mbwa na paka walikuja baadaye.

Kutokana na hofu hiyo ilikuja Sheria ya Kichaa cha Mbwa, inayowapa maofisa wa mifugo uwezo wa kutangaza eneo lenye ugonjwa na kuagiza mbwa wafungwe, wavishwe kizuia kinywa au wauawe. Kwa mbwa mwenye ua na geti, amri ya kufungwa ni usumbufu wa wiki chache. Kwa mbwa wa mtaa usio na ua, amri hiyohiyo ilikuwa kifo, kwa sababu mbwa koko waliopatikana barabarani walipigwa risasi au kutegewa nyama yenye sumu ya strikinini. Sumu haiulizi mbwa ni wa nani. Wako waliolea mbwa kwa upendo katika chumba kimoja cha mabati, kisha wakamkuta asubuhi amekauka mtaroni.

Wakati huohuo maeneo ya starehe yalikuwa yakifunguliwa kuizunguka Kibera kama pete. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, nayo hairuhusu mbwa wala paka wa nyumbani, jambo lenye sababu nzuri: magonjwa ya mbwa huua simba na mbweha. Bwawa la Nairobi lilichimbwa mwaka 1953 kusini mwa Kibera, na kwa miaka mingi mashua za tanga zilishindana juu ya maji yake. Mwaka uliofuata, 1954, uwanja wa mbio za farasi ulihamia Barabara ya Ngong, na masaisi wakaonekana alfajiri wakiwapitisha farasi taratibu kwenye umande. Uwanja wa maonyesho, ambao zamani ulibeba jina la Gavana Mitchell, ukaja kuitwa Jamhuri baada ya uhuru.

Hapo Jamhuri ndipo ukuta ulipopata ufa. Watoto wa Kibera na Kawangware waliokwenda Shoo ya Nairobi kwa miguu walimwona mbwa kwa karibu kwa namna nyingine: mbwa wa polisi wakiruka vizingiti na kutii neno moja, tena mbele ya umma, bila ukuta. Klabu ya mbwa ya Afrika Mashariki, East African Kennel Club, nayo imekuwa ikifanya mashindano yake kwenye uwanja huohuo. Mtoto aliyeona mbwa akitembea bega kwa bega na mtu bila kuvutana alirudi nyumbani na swali la kumuuliza baba yake: kwani mbwa wetu Simba hawezi?

Jibu lilitegemea nafasi, na nafasi ilikuwa ikipungua. Msitu wa Ngong ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na karibu hekta 2,900. Leo zimebaki kama 1,200, nyingine zikiwa zimeliwa na nyumba na barabara. Zile ekari 4,197 za Wanubi zilimegwa kipande baada ya kipande, hata mwaka 2017 serikali ilipowapa Wanubi hati ya ardhi ilikuwa ya ekari 288. Bwawa la Nairobi lilisongwa na majitaka na magugu maji mpaka mashua zikaondoka. Mbwa anayekunywa maji ya mto unaolilisha bwawa hilo leo anakunywa uchafu wa maelfu ya nyumba.

Mapambano ya Msitu wa Karura yalirudisha kitu. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu huo uliokuwa unagawiwa kwa siri. Msitu uliokolewa, ukawekewa walinzi na njia, na leo mwenye mbwa huingia kwa ada ilimradi mbwa yuko kwenye kamba. Karura iko mbali na Kibera, na nauli ni tatizo, kwa maana makanga wengi hawamkubali mbwa ndani ya matatu. Lakini mfano wake umeonyesha kwamba msitu wa mjini unaweza kuwa salama kwa mwanamke, mtoto na mbwa wakati wowote wa mchana, na kwamba usalama huo uliletwa na watu waliosimama kidete.

Kwa wakazi wa mitaa hii miwili, basi, siku ya kutoka na mbwa hupangwa kwa kufuata historia hii hatua kwa hatua, hata kama mpangaji hajui miaka yake. Hutangulia kadi ya chanjo. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kati ya 2014 na 2030, na nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote. Kampeni za chanjo ya bure zimeendeshwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na hapo foleni huwa na watoto wengi kuliko watu wazima, kila mmoja na mbwa wake kwenye kipande cha kamba ya katani au waya wa umeme. Mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake za utotoni hubaki nyumbani, maana ugonjwa wa parvo humngoja kwenye kila jalala.

Kisha huja kamba yenyewe, imara na fupi, kwa sababu njia ya kutoka Gatina, Kawangware, au Lindi, Kibera, hupita katikati ya watoto wanaocheza, kuku, mama wa mandazi mwenye mafuta yanayochemka, na mbwa koko wenye mipaka yao. Muda bora ni alfajiri, lami ikiwa baridi. Chupa ya maji hubebwa kutoka nyumbani ili mto uachwe. Msituni watu huenda kwa kundi, kwa njia zenye askari, na mbwa hafunguliwi: kima na pongo wako kwao. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Paka naye ana siku yake, ingawa hatoki matembezini. Katika vyumba ambamo panya hutoboa magunia ya unga, paka wa Makina, Kibera, anaheshimiwa kama mfanyakazi, na safari yake ya pekee huwa ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa leso, kwenda kuchanjwa au kuhasiwa. Anayempeleka huchagua njia tulivu na hufunga kifuniko kwa uzi, maana paka aliyeruka Toi siku ya soko harudi kirahisi.

Ikifika saa nne jua limeshika, na wenye mbwa wanarudi. Wengine wanapitia kwenye miti ya Jamhuri kumpumzisha mnyama na kumpekua kupe masikioni na katikati ya vidole. Wengine wanakata upande wa Lavington kuelekea stendi ya matatu namba 46. Nyuma ya geti lenye kibao cha “Mbwa Kali” German Shepherd anaanza kubweka, na Simba wa Kawangware, rangi ya kahawia, mkia umepinda, anasimama kumsikiliza. Mwenye kamba anaifupisha, anamwita jina, na wanapita wote wawili wakiwa upande wa kivuli.