Leseni ya Madini: Nani Anashika Karatasi?

Makada wengi huuliza nani anachimba. Sisi tunaona kwamba kabla ya sururu kuna karatasi, na historia ya karatasi hiyo haijafundishwa vya kutosha.

Sheria ya Madini ya 1929 iliweka madini ya Tanganyika chini ya mamlaka ya dola ya kikoloni. Mtafutaji alipewa haki, akapiga vigingi, kisha akaomba kuchimba. Lakini katika dhahabu ya Lupa, Mwafrika alikuwa zaidi mbeba udongo kuliko mwenye kigingi.

Sheria ya 1979 ilitamka kwamba madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Basi ieleweke: mwenye leseni hamiliki ardhi. Ana ruhusa yenye muda na masharti. Asipofanya kazi wala kulipa ada, aweza kunyang'anywa.

Sheria ya 1998 ililegeza kamba hiyo. Ndani yake mlikuwa na leseni ya kuhodhi eneo: kampuni iliyokwisha kuyapata madini iliweza kukaa juu yake kwa hoja kwamba soko halijawa zuri. Bepari hahitaji kuchimba kila siku. Hupata faida pia kwa kuwazuia wengine, au kwa kuiuza karatasi yenyewe katika masoko ya hisa ya ng'ambo.

Sheria ya 2010 iliweka utafutaji miaka 4, kisha 3, kisha 2, na leseni ya uchimbaji mdogo, ya miaka 7, ikawa ya raia tu. Marekebisho ya 2017 yakafuta kuhodhi, na 2018 leseni za Kabanga na Ntaka Hill zikakoma. Wenye Ntaka Hill wakashitaki kwa kutumia mkataba wa vitega uchumi uliotiwa saini na Uingereza 1994. Mwaka 2023 wakashinda. 2024 serikali ikakubali kulipa dola milioni 90.

Wapo wanaosema ilikuwa kosa kufuta. Hatukubaliani nao. Mtego ulitegwa 1994 na 1998. 2018 tuliukanyaga tu, tena kwa haraka.

Wala tusidhani kuhodhi ni tabia ya wageni peke yao. Katika machimbo madogo mengi mwenye leseni ni Mtanzania anayekaa mjini. Mwenye duara na wachimbaji wake humpelekea fungu lake la mawe. Sheria inamtambua yeye. Walioko shimoni hawamo katika karatasi hiyo.