Hesabu za Engare Nanyuki

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Watu walikuwa wameongezeka, na mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka Mlima Meru kama mkanda uliokazwa. Ripoti ikatoka 1947. Baadhi ya mashamba yarudishwe kwa Waafrika, ilipendekeza, na Wameru wa upande wa Engare Nanyuki na Leguruki wapishe, ili Wazungu wapate eneo moja lisilokatika. Kwenye karatasi mizani ilikaa sawa: ekari zinatoka hapa, ekari zinaingia pale.

Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Walielekezwa King'ori, mahali walipopalalamikia kwa joto, malaria na magonjwa ya mifugo. Ekari ya King'ori haikuwa ekari ya Engare Nanyuki. Mfugaji yeyote angeweza kusema hivyo, na Wameru walisema, ila jedwali la ekari halikuwa na safu ya kuandikia jambo hilo.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Njiro. Tunapofundishwa takwimu, somo la kwanza ni wastani, na mimi kila mara huishia kuifikiria King'ori. Chukua mtaa wowote wa kwetu: geti jeusi na ukuta wenye nyaya za umeme, na nyuma yake msururu wa vyumba vya kupanga. Tuseme kaya tisa zinapata shilingi 200,000 kwa mwezi kila moja, na ya kumi inapata 8,200,000. Wastani ni shilingi milioni moja kamili. Hakuna kaya hata moja yenye kipato hicho. Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kutazama ya katikati, utapata 200,000, na hapo ndipo unaanza kuuona mtaa. Hesabu zote mbili ni sahihi. Mtu anayetafuta mahali pa kufungua supamaketi ataipenda ya kwanza.

Miaka kama ishirini baada ya Engare Nanyuki, upande wa pili wa barabara hii hii ya Moshi, swali la wastani lilirudi kwa sura nyingine. Kilimanjaro ilikuwa fahari ya takwimu za nchi: kahawa, shule, chama cha ushirika cha KNCU kilichokuwepo tangu 1933. Wilaya ya namna hiyo haikutarajiwa kuwa na watoto wenye utapiamlo, lakini walikuwepo. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika Tanganyika 1952 na kufundisha wasichana Ashira, alikuwa wakati huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake wawili, Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla, walichapisha utafiti wao kuhusu Moshi mwaka 1975. Walizifuata familia zenyewe, wakazungumza na akina mama. Chakula mkoani kilikuwepo. Kilichobana ni kihamba kilichogawanywa hadi kikawa kipande, pesa ya kahawa iliyoingia mfukoni mwa baba, na mama aliyeachwa peke yake na watoto, akilima vibarua kwa wengine. Wastani wa wilaya ulipita juu ya vichwa vyao wote.

Swantz aliendelea na njia hiyo katika mradi wa Jipemoyo, magharibi mwa Bagamoyo, kuanzia 1975, ambako wanakijiji walihesabiwa kuwa watafiti pamoja na wasomi. Mwaka huo huo Budd Hall, aliyekuwa amefanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima Dar es Salaam, alikuwa akiutangazia ulimwengu kile tunachokiita leo utafiti shirikishi. Wenzangu wengi wanadhani ni jambo lililoletwa na wafadhili juzi.

Sisemi tutupe namba. Wameru wenyewe hawakuzitupa. Walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, na huko walisimama na idadi ya watu, nyumba na mifugo. Desemba ile azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Idadi ilikuwa upande wao na kura hazikutosha.

Kwa utafiti wangu mwenyewe, kazi inayonichukua muda sasa ni orodha. Sampuli nasibu inadai orodha ya kaya zote, na njia ya kawaida ni kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wa nyumba kumi. Daftari lao linamjua mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba cha nyuma, aliyehamia mwezi uliopita, mara nyingi halimjui, na ndiye hasa ninayemtafuta. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jina lolote naisoma orodha kwa sauti mbele ya wakazi wachache, nyumba baada ya nyumba. Wauza genge ndio wanaoisahihisha zaidi, kwa sababu wanajua nani anakopa nyanya.