Je, Dawa Hizi Zinamaliza Damu?

Leo tuna swali ambalo sisi wauguzi huulizwa kliniki kwa sauti ya chini, mama mwingine akishatoka chumbani: "Sista, ni kweli hizi dawa za kupunguza makali zinamaliza damu?" Mmoja ameambiwa na mama mkwe, mwingine na jirani sokoni. Na wapo walioacha dawa kwa sababu hiyo. Kwa hivyo sitasema ni uvumi tu, halafu tuendelee. Maneno hayo yana historia, nayo ilianzia mbali.

Mwaka wa 1964 huko Marekani, mwanasayansi aitwaye Jerome Horwitz alitengeneza dawa ya kutibu saratani. Haikufaa, ikawekwa kando. Miaka zaidi ya 20 baadaye ilionekana kwamba inazuia virusi vya Ukimwi, na mwezi wa Machi 1987 ikakubaliwa kutumika. Hiyo ndiyo AZT, dawa ya kwanza ya virusi hivi. Lakini, mama, damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na AZT huuchosha uboho. Siku zile watu walimeza hadi miligramu 1,500 kwa siku, ilhali baadaye kipimo cha mtu mzima kilishushwa kikawa 600. Katika utafiti wa kwanza, karibu mgonjwa 1 kati ya 5 waliopewa AZT aliongezewa damu zaidi ya mara moja. Basi yule wa kwanza kusema dawa inamaliza damu hakuwa mwongo.

Hata hivyo dawa hiyo hiyo iliokoa watoto. Mwaka wa 1994 ilithibitishwa kwamba mama mjamzito akipewa AZT, naye mtoto akapewa baada ya kuzaliwa, maambukizi kwa watoto hupungua kutoka kama 25 katika kila 100 hadi kama 8.

Hapa kwetu Kenya, ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 1984, na serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Miaka hiyo yote kuishiwa damu kulikuwa na hatari mbili, kwa maana damu ya kuongezewa yenyewe haikuwa salama kila mara. Utafiti wa mwaka wa 1994 katika hospitali 6 za Kenya ulikadiria kwamba karibu wagonjwa 2 kati ya 100 walioongezewa damu waliambukizwa virusi kwa njia hiyo. Fikirieni mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Baada ya bomu la Nairobi la Agosti 1998 kuonyesha jinsi hazina yetu ya damu ilivyokuwa dhaifu, huduma ya taifa ya damu iliundwa mwaka wa 2001. Siku hizi damu inayotolewa hupimwa virusi, homa ya ini na kaswende kabla haijamfikia mgonjwa.

Mwaka huo huo wa 2001 ndipo mpango wa AMPATH ulipoanza Eldoret na Mosoriot, kisha ukasambaa magharibi hadi Webuye na Kitale. Wengi walianzishiwa stavudini, lamivudini na nevirapini. Stavudini haikukausha damu sana, lakini wazee wa kliniki wanakumbuka: mashavu yaliingia ndani na nyayo zikachoma kama zimepakwa pilipili. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziiache. Baadhi ya wagonjwa wakahamishiwa AZT, na hapo ndipo maneno ya "kumaliza damu" yalipopata nguvu vijijini, maana wengine damu ilishuka kweli katika miezi ya kwanza.

Kuanzia mwaka wa 2017 na 2018 ikaja dolutegraviri, ndani ya kile kidonge kimoja cha kila siku mnachokiita TLD. Akina mama walicheleweshwa kidogo, kwa kuwa Mei 2018 kulitokea hofu kutoka Botswana kuhusu watoto walio tumboni. Takwimu zaidi zilipopatikana, Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likasema wanawake nao wapewe. Ndani ya TLD hamna AZT. Mtoto mchanga anaweza kupewa AZT ya maji kwa wiki chache, na wengi huivumilia vizuri.

Sasa mbona mama anayemeza TLD bado anaambiwa damu imepungua? Kwanza virusi vyenyewe hudhoofisha uboho, ndiyo sababu anayeacha dawa akiogopa kuishiwa damu huweza kuishiwa kweli. Halafu hapa Bungoma kuna malaria, kuna minyoo ya safura, kuna mimba zinazofuatana upesi. Kifua kikuu pia hula damu, kwa hivyo ukiwa na kikohozi, jasho la usiku au umekonda, sema. Na ukijikuta una hamu ya kula yale mawe ya udongo yanayouzwa sokoni, usione haya kutuambia. Mara nyingi ni dalili ya damu kupungua.

Mama mjamzito, waulize HB yako ni ngapi. Chini ya 11 imepungua. Chini ya 7 ni hatari, usingoje siku ya kliniki. Na kama unameza Septrin kila siku, mwambie muuguzi kabla hujapewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria, kwa sababu hizo mbili hazichanganywi.

Terere, kunde, omena na maharagwe ni vizuri, ila chai ingoje saa moja baada ya chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vidonge vya chuma navyo vikimezwa pamoja na TLD tumbo likiwa tupu, hupunguza nguvu ya TLD. Mezeni vyote viwili pamoja na chakula, au mviachanishe: TLD saa tatu usiku, cha chuma asubuhi.