Garimoshi Dogo Lenye Moto wa Kweli

Somo la historia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kama uko katika kikundi, mwenye kusoma na asome polepole, ili wote wafuate. Kuna hesabu kidogo mbele yetu, basi shikeni kalamu.

Huku kwetu Igalula, mashariki ya Tabora, hakuna asiyeijua sauti ya treni. Lakini kuijua sauti ya kitu si kukijua kitu chenyewe. Leo tuulizane swali moja: Je, mtu aweza kutengeneza nyumbani kwake, kwa mikono yake, garimoshi dogo linalokwenda kwa moto wake na maji yake, bila betri wala kusukumwa?

Aweza. Huko Uingereza watu wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Tangu mwaka 1898 lilikuwako gazeti la mafundi wa namna hiyo, na mwandishi wake mashuhuri alijulikana kwa herufi nne tu, LBSC. Zamani wengi waliamini kwamba injini ndogo mno haiwezi kuchoma makaa ya mawe na kumvuta mtu mzima. Katika miaka ya 1920 LBSC aliwaonyesha kwamba yaweza. Reli ya injini nyingi za namna hiyo ina upana wa inchi tatu na nusu, yaani kama sentimeta 9. Reli yetu ya Kati ina upana wa mita moja. Injini hiyo ni kama mjukuu anayesimama mbele ya babu yake.

Vyombo vya kazi ni jiliwa, tupa, msumeno wa chuma, keekee, na mashine ya kukerezea magurudumu. Boila, yaani pipa la kuchemshia maji, hutengenezwa kwa shaba nyekundu. Maji yakichemka, mvuke huingia katika silinda, husukuma pistoni mbele, kisha nyuma; pistoni huvuta fimbo, na fimbo huzungusha gurudumu. Kanuni ni ile ile katika injini ya kilo 50 na ya tani 100.

Lakini jihadhari. Injini ndogo si injini kubwa iliyopunguzwa tu. Hapa ndipo hesabu yetu. Chukua injini yenye urefu wa mita 10, uipunguze mara kumi kila upande. Urefu sasa ni mita 1. Eneo la bati la boila limepungua mara 10 kwa 10, yaani mara 100. Lakini maji yaliyomo yamepungua mara 10 kwa 10 kwa 10, yaani mara 1,000. Kwa hiyo kila lita ya maji sasa ina bati mara kumi zaidi la kupotezea joto. Ndiyo sababu chai ya kikombeni hupoa kabla ya chai ya birikani.

Jambo hili dogo liligeuza historia ya dunia. Mwaka 1763, katika Chuo Kikuu cha Glasgow huko Skotlandi, fundi mmoja aliyeitwa James Watt alipewa mfano mdogo wa mashine ya Newcomen autengeneze. Mashine kubwa za namna ile zilikuwa zikivuta maji migodini kwa miaka mingi. Ule mfano ulipiga mara chache tu, kisha ukaishiwa mvuke. Mwingine angesema, “Ni kitu cha kuchezea tu.” Watt aliuliza mvuke unakwenda wapi. Akaona kwamba silinda hupozwa kwa maji kila pigo, kisha hupashwa moto tena, na mvuke mwingi hupotea hapo. Kosa hilo lilikuwamo katika mashine kubwa pia, ila ndogo ndiyo iliyolifichua. Mwaka 1765 akapata dawa yake: mvuke upozwe katika chombo kingine, silinda ibaki moto.

Wengine wakafuata. Mwaka 1784 William Murdoch alitengeneza kigari kidogo cha mvuke huko Cornwall. Richard Trevithick naye alianza kwa mifano midogo, kisha tarehe 21 Februari 1804, huko Wales, injini yake kubwa ikavuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 juu ya reli, mwendo wa karibu kilomita 16.

Hebu tuzilete tani hizo 10 kwetu. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa yapata kilo 30. Gawanya kilo 10,000 kwa 30. Utapata wapagazi 333, bila kuhesabu wapishi, askari, na wake zao waliofuatana nao. Hao ndio waliopita njia ya Tura, Rubuga na Kigwa mpaka Tabora. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliposafiri na msafara kutoka pwani, walifika Tabora siku ya 134.

Sasa twende Japani, kwa kuwa huko kuna fundisho kubwa kwetu. Mwaka 1853 meli za Warusi zilifika Nagasaki, na Warusi wakawaonyesha Wajapani garimoshi dogo la mvuke. Mwaka 1854 Wamarekani nao wakaleta jingine, kubwa kiasi cha robo ya injini ya kweli, na wakubwa wa Kijapani wakapanda juu ya behewa lake huku kanzu zao zikipepea. Lakini hawakutosheka na kupanda. Mwaka 1855, katika mji wa Saga, fundi Tanaka Hisashige na wenzake walimaliza la kwao wenyewe, nalo likaenda. Je, baada ya hapo walikuwa mafundi wa reli mara moja? La. Reli yao ya kwanza, ya mwaka 1872, ilitumia injini za Uingereza. Injini kubwa ya kwanza iliyoundwa Japani ilitoka karakana ya Kobe mwaka 1893, miaka 38 baada ya ile ndogo. Na aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Richard Francis Trevithick, mjukuu wa yule Trevithick wa mwaka 1804.

Na sisi je? Garimoshi dogo tulilipata mapema. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja aliagiza injini ndogo kutoka Uingereza, ivute mabehewa yake kwenda Chukwani. Wakati ule ule pembe za ndovu zilikuwa zikitoka Tabora mabegani mwa watu. Sultani alipofariki mwaka 1888, reli ile haikudumu. Ilikuwa chombo cha safari ya mkubwa. Haikuwa shule ya mafundi.

Kisha ikaja reli ya Wajerumani. Ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kilomita kama 1,250. Wanyamwezi wengi, waliokuwa wapagazi ama wana wa wapagazi, walichimba udongo na kubeba vyuma vya reli hiyo. Yaani walijenga kwa mikono yao kile kilichowaondolea kazi yao. Reli ilijengwa na watu wetu, lakini michoro ya injini ilibaki Ulaya. Katika miaka ya 1950 bado ilikuwa hivyo. Injini za daraja la 30, zilizopewa majina ya makabila yetu na kuwekewa matangi makubwa ya maji kwa ajili ya nchi kavu kama yetu, ziliundwa Glasgow, mji ule ule wa Watt. Mojawapo, iitwayo Nyaturu, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Hata hivyo wako watu wetu waliozijua injini hizo kwa ndani. Siku moja nilipokuwa nikizungukia madarasa, niliwakuta watoto wakivuta treni ya makopo. Mmoja, umri wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa na akili kupita wenzake. Alitia maji katika kopo, akafunga kifuniko kwa waya, akaliweka juu ya makaa. Mzee mmoja, mchochea moto wa zamani wa reli, alikuwa akipita. Alilipiga kopo lile kwa fimbo yake likaanguka mbali, na maji yakamwagika. Mtoto akaanza kulia.

“Shikamoo, babu,” akasema kwa kwikwi. “Mbona umeniharibia garimoshi langu?”

“Marahaba, mjukuu wangu,” mzee akajibu. “Sikuliharibu. Nimeyaokoa macho yako. Mvuke hauulizi umri wa mtu.”

Kisha akakaa chini, akamwonyesha. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Yakikosa mlango, hupasua ukuta. Kwa hiyo boila ni lazima iwe na vali ya usalama, inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi, na kioo cha kuonyesha kimo cha maji. Tena boila mpya haiwashwi moto kwanza. Hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu mpaka kani mara mbili ya ile itakayotumika. Ikishindwa kwa maji baridi, huvuja tu. Ikishindwa kwa mvuke, huua. Basi, ndugu mzazi, usimruhusu mtoto kufunga kopo motoni. Lakini usimpige kwa kuuliza. Mtafutie mtu wa kumjibu.

Garimoshi la mvuke limekwisha kuondoka katika reli yetu, injini za dizeli zikashika mahali pake. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Wazee kama yule ni wachache sasa, na wanayoyajua hayakuandikwa. Mashine mpya huja na kifuniko kilichofungwa. Kinachotofautisha watu ni kama yupo mmoja wao atakayekifungua na kutengeneza ndogo yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwa nini injini ndogo hupoteza joto upesi kuliko kubwa? Fanyeni hesabu upya kwa injini iliyopunguzwa mara tano.

2. Injini ndogo ya Japani na ile ya Sultani Barghash zilitofautiana katika nini?

3. Nani katika kijiji chenu alifanya kazi ya reli zamani? Mwalikeni juma lijalo, na mmoja wenu aandike maneno yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.