Ghasia za Nani? Historia Fupi ya Maneno Yetu

Kila mwaka, ninapoanza kufundisha historia ya ukoloni, huwapa wanafunzi wangu zoezi dogo: watafute neno moja la Kiswahili linalobeba maana zote za neno la Kiingereza violence. Hawalipati. Wengine husema vurugu, wengine ghasia, fujo, ukatili, jeuri, mabavu, dhuluma. Hata mipaka ya nchi huingilia kati: Watanzania husema ukatili wa kijinsia pale ambapo Wakenya mara nyingi husema dhuluma za kijinsia.

Sioni hapa umaskini wa lugha. Kiswahili kinatulazimisha kujibu swali ambalo lugha nyingine huturuhusu kulikwepa: nani amemtenda nani? Dhuluma na mabavu hutoka kwa mwenye nguvu kumwendea mnyonge. Vurugu, fujo na ghasia ni mambo ya umati. Hazina sura, na daima humngoja mtu wa "kuzituliza". Tatizo ni kwamba anayechagua neno, mara nyingi, ndiye mwenye bunduki.

Tutazame Vita vya Maji Maji. Mnamo Julai 1905, watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa mipamba ya shamba walilolazimishwa kulilima. Gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen, baadaye aliandika kitabu kuhusu matukio hayo, na katika jina la kitabu akayaita uasi. Kwa neno hilo moja, historia ilianzia siku mipamba ilipong'olewa. Yaliyotangulia yalibaki nje: kodi, kazi ya shuruti, na kiboko. Adhabu ya kiboko iliwekewa kanuni mwaka 1896, kwa kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, nayo wenyeji wakaipa jina la hesabu: hamsa ishirini. Mateso yaliyoandikwa katika kanuni hayakuitwa mateso, yaliitwa utawala.

Kisha zikafuata mbinu za kuuzima huo "uasi". Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mashamba yakaharibiwa. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikia hadi 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa njaa. Je, njaa hiyo iitwe balaa, kana kwamba ilitoka mbinguni? Mwaka 1969 mwanazuoni wa Norway, Johan Galtung, alitufundisha kuuona ukatili uliojificha ndani ya mifumo, usio na mkono unaoonekana. Lakini njaa ya Kusini haihitaji hata nadharia hiyo. Mkono ulionekana, na ulishika kiberiti.

Uadilifu unanidai niseme na upande wa pili. Agosti 1905 wapiganaji walimuua Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake wanne, wawili kati yao wakiwa watawa wa kike. Huo nao ulikuwa ukatili, na uhalali wa vita haubadilishi jina lake. Tukikataa neno la Götzen, tusijipe ruhusa ya kufanya kama yeye.

Haya si mambo ya kale tu. Tunasema "ghasia za baada ya uchaguzi" tunapokumbuka Kenya ya 2007 na 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Zaidi ya theluthi moja vilitokana na risasi, na sehemu kubwa ya lawama hiyo iliwaangukia polisi. Neno ghasia linamweka polisi huyo upande wa watuliza ghasia, wakati hesabu inamweka kwingine.

Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliyatenda. Ilichukua zaidi ya karne moja kuyapa mambo majina yake. Wajukuu wa waliokufa kwa njaa hawakuwa na karne ya kupoteza.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu, kama ninavyowaomba wanafunzi: mkisikia taarifa kwamba kumetokea vurugu mahali fulani na nguvu kiasi imetumika, msiipokee kabla ya kuuliza maswali mawili. Nani alianza kuumizwa, na lini? Na nani amechagua maneno haya?