Sindano ya Mgongoni

Msomaji wangu, peleka kidole chako nyuma ya shingo, kisha upapase mgongo kwenda chini. Vile vifundo unavyovigusa ni pingili za mifupa: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana. Ndani yake umepita mfereji wenye maji maangavu, na katika maji hayo umelala ugwe wa fahamu utokao ubongoni. Lakini ugwe huo haufiki mwisho wa mfereji. Kwa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Kutoka hapo hushuka nyuzi za mishipa ya fahamu tu, zikielea kama singa za mkia wa farasi. Sindano ikiingia huko chini, nyuzi huipisha. Ikiingia juu zaidi, yaweza kuudhuru ugwe wenyewe.

Kwa njia hiyo Heinrich Quincke, tabibu wa mji wa Kiel huko Ujerumani, aliyachota maji hayo mwaka 1891. Katika mji ule ule, tarehe 16 Agosti 1898, August Bier alimtia mfanyakazi mmoja kokeini mgongoni, akampasua kifundo cha mguu kilichoharibiwa na kifua kikuu, pasipo kumlaza kwa nusukaputi.

Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa wake wa kwanza waliumwa kichwa na kutapika. Bier akataka kuyajua hayo katika mwili wake. Tarehe 24, msaidizi wake Hildebrandt akamchoma. Kumbe bomba halikuoana na sindano! Dawa ikamwagika, na maji ya mgongo yakavuja kwa wingi. Wakabadilishana zamu, na Hildebrandt akashikwa na ganzi barabara. Bier akampiga muundi kwa nyundo, akamchoma kwa sigara iwakayo. Mwenzake hakusikia maumivu. (Kwangu mimi, sindano moja ingalitosha kuwa ushahidi.) Usiku wakala na kunywa mvinyo.

Hildebrandt aliamka na michubuko. Bier naye aliumwa kichwa siku 9: akiinuka kinamgonga, akilala kinatulia. Akashuku kwamba sababu ni yale maji yaliyovuja, na shuku yake ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana sindano za leo ni nyembamba mno, na kokeini imeachwa zamani, ikachukuliwa nafasi na dawa zilizo salama zaidi.

Mama anayepasuliwa ili ajifungue huketi kwanza, akainama. Daktari humpapasa ncha za nyonga pande zote mbili, kwa kuwa mstari wa kuziunganisha hupita karibu na pingili ya 4 ya kiuno, na hapo ugwe umekwisha koma.