Ukungunyota na Maneno Mengine ya Kunasia Nuru

Mtu wa Kitale anayetega kamera uani usiku kucha apige picha za nebula, bila kulipwa na yeyote, tumwite nani? Kiswahili kimeshajibu: mpiga picha wa ridhaa. Mabondia wa ridhaa tunawafahamu siku zote. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, na neno hilo halimshushi mtu hadhi kana kwamba kazi haijui. Tulishike.

Ugumu uko kwenye hiyo "nebula". Kwa Kilatini ni ukungu tu, na Waarabu nao husema sadim, neno la ukungu vilevile. Kwetu wapo wanaopendelea "wingu la nyota", nami nalipinga. Chini ya Mlima Elgon wingu ndilo adui. Mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea miezi mingi, hadi Desemba ilete anga safi. Mwambie mwenzako wa Bungoma kwa simu kwamba leo kuna wingu zuri kwenye kundinyota la Jabari, naye atafunika darubini yake akalale.

Ukungu basi? Sura yake ni hiyo hasa, kitu kisicho na ukingo. Tazama upanga wa Jabari kwa macho matupu usiku wa Januari: nuru ya katikati imetawanyika kidogo, haina ncha kali kama nyota za mkandani. Hiyo ndiyo nebula iitwayo M42, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300. Lakini ukungu pia huota kwenye mkate, na huota kwenye lenzi iliyofungiwa penye unyevu. Mpiga picha akisema "nimepata ukungu", tumpongeze au tumpe pole? Napendekeza tuuunge na nyota, kwa mfano wa kundinyota: ukungunyota. Wingi wake, kungunyota. Ukungunyota wa Jabari huu, kungunyota za Nge hizi. Ngeli inakubali, ulimi haukwami.

Na ukungunyota mmoja tayari unabeba herufi yetu. Setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipewa jina Uhuru kwa kuwa Kenya siku hiyo ilitimiza miaka 7 ya kujitawala. Ilichunguza eksirei za angani. Katalogi yake ya nne hufupishwa 4U, na U hiyo ni Uhuru. Humo Ukungunyota wa Kaa ni 4U 0531+21. Mwanafalaki wa nchi yoyote anayeandika alama hiyo anaandika Kiswahili, ajue asijue.

Darubini tuiache ilivyo. Kiajemi kilitupa dur, mbali, na bin, kuona. Hakuna cha kuongeza.

Kile chombo kinachozungusha kamera polepole kufuata nyota hutajwa kwa Kiingereza, hali kitenzi chake kimo vinywani mwetu kila mwezi mpya. Mwezi huandama. Basi kiandama nyota, ndugu wa kipaza sauti na kinasa sauti. Kukilenga Kitale au Bungoma ni kazi, maana hulengwa Kutubu, nyota ya kaskazini, ambayo hapa karibu na ikweta imelala kwenye upeo wa macho na mti mmoja unatosha kuificha.

Kuacha kamera wazi ipokee nuru, wengine huita kufichua. Kufichua ni kwa siri na wezi. Trans Nzoia nzima baada ya mavuno hufanya kitendo hiki juu ya maturubai: huanika. Kuanika ni kukitandaza kitu wazi, kukielekeza juu na kusubiri. "Nimeanika dakika tatu." Mwaniko mmoja, mianiko arobaini.

Mianiko hiyo ikishapatikana huunganishwa na programu iwe picha moja. "Kurundika" nimelisikia, na linanikera. Marundo ni ya takataka. Lipo kulimbika: kukusanya kidogo kidogo mpaka kiwe kingi, kama maji ya kisima kidogo yanavyoachwa yajae kabla ya kuchotwa. Ndivyo kazi ilivyo. Mwaniko mmoja hauonyeshi kitu ila weusi na doa. Limbiko la saa nne linatoa wekundu wa haidrojeni. Ndani ya neno hilo mna subira, na subira ndiyo nusu ya picha.

Kinachopungua kwa kulimbika ni zile punje zinazochafua picha. Tusiziite kelele, kwani hazisikiki. Ni chenga, kama za mchele, na za televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi.

Limebaki kosa la karne ya 18. William Herschel aliona duara hafifu zilizofanana na sayari, akaziita nebula za kisayari. Hazihusiani na sayari hata chembe: ni matabaka ya gesi yaliyotupwa na nyota inayozeeka. Kwa nini tutafsiri kosa? Nyoka hujivua gamba. Napendekeza gamba la nyota.